Fanya Juu: Jina Likiwa Kazi

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa, kuna vitu viwili vya kuangalia kabla hujafika Emali. Cha kwanza kiko pale Malili: Konza Technopolis, jiji la teknolojia la ekari 5,000 ambalo Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wake Januari 2013. Jiji hili lilipata jina la kunadiwa kabla halijapata wakazi. Silicon Savannah, tuliambiwa, na jina likasafiri dunia nzima wakati uwanja wenyewe ulikuwa bado mbuga.

Cha pili hakina bango. Ukishapita Salama na kukaribia Sultan Hamud, inua macho utazame vilima vya upande wa kushoto, kuelekea Kasikeu na Mukaa. Utaona mistari. Inafuata mzunguko wa kilima, mmoja juu ya mwingine, kama ngazi aliyokusudiwa jitu fulani. Hayo ni matuta. Yalichimbwa kwa jembe na koleo, mengi kwa mikono ya wanawake, na hakuna kampuni, wizara wala mfadhili anayeweza kusimama akasema ni yake.

Huku ni Makueni, sehemu ambayo hadi mwaka 1992 ilikuwa ndani ya wilaya ya Machakos. Majina makubwa ya hapa yamezoea kuja na wageni. Hata Sultan Hamud ni jina la Sultani wa Zanzibar aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902, miaka ileile reli ilipokuwa ikikata nchi hii kwenda Kisumu. Lakini aina ya tuta linaloonekana vilimani lina jina lililofanya safari ya kinyume. Limetoka Ukambani likaingia vitabu vya kilimo Ethiopia, Tanzania, hata vyuo vya Ulaya, na huko kote halikutafsiriwa. Linaitwa fanya juu.

Nataka kulitumia jina hilo kujibu swali ambalo kizazi chetu kinauliza kila wiki kwenye hackathoni na vikao vya kahawa pale Ngong Road: mradi usio na mwenyewe unanadiwaje? Namaanisha programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kuupa jirani. Hakuna bidhaa ya kuuza dukani. Hakuna mishahara ya kuwashika watu. Sasa watu waje kwa nini, na wabaki kwa nini?

Jibu la kawaida ni nembo kali, rangi mbili tatu, tovuti safi na fulana. Vilima vya Kasikeu vina jibu la zamani zaidi.

*

Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliamini Machakos inakufa. Mwaka 1937 afisa wa uhifadhi wa udongo, Colin Maher, aliandika ripoti iliyoichora wilaya kama nchi inayoelekea kuwa jangwa la mawe. Dawa yao ya kwanza ilikuwa kupunguza mifugo kwa nguvu. Ng'ombe wa Wakamba walikamatwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, wengine wakaishia kwenye kiwanda cha nyama cha Liebig's pale Athi River. Mwaka 1938 maelfu ya Wakamba walitembea kwa miguu hadi Nairobi, wakakaa huko wiki kadhaa wakidai kumwona Gavana. Kiongozi wao alikuwa Muindi Mbingu. Ndiyo, yule yule wa barabara unayopita ukienda City Market. Serikali ilimhamishia Lamu kama mfungwa, lakini ilibidi irudi nyuma kuhusu ng'ombe.

Dawa ya pili ilikuwa matuta, nayo pia kwa lazima. Chifu anatoa amri, watu wanatoka, wanachimba, wanarudi nyumbani na hasira. Kazi ya namna hiyo haidumu. Tuta lisipotunzwa, mvua mbili tatu zinalibomoa na udongo unaondoka na bidii yote.

Mambo yalibadilika kweli katika miaka ya 1950, kazi ilipoanza kupita kwenye chombo ambacho watu walikuwa nacho tayari: mwethya. Mwethya ni desturi ya Kikamba ya kuitana kazi. Una shamba la kulimwa au nyumba ya kujengwa, unawaita majirani, wanakuja, unawalisha, na kesho ukiitwa nawe unaenda. Vikundi vikaanza kuchagua viongozi wao wenyewe, kuamua waanze kwa shamba la nani na siku gani. Wanaume wengi walikuwa wameenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hiyo ikawa ya wanawake, nyimbo zikiwa juu na majembe yakishuka pamoja.

Na tuta lililoshinda mengine yote ni hili la fanya juu. Unachimba mtaro ukifuata usawa wa kilima, halafu udongo unaurusha upande wa juu. Ukiurusha chini, ambayo ni rahisi kwa mkono, unapata fanya chini, tuta lingine kabisa. Ukiurusha juu unajenga ukingo. Ukingo unapandwa nyasi, unazuia maji, na kila msimu udongo unaoteremka unajazana nyuma yake, mpaka mteremko unaanza kuwa tambarare wenyewe. Kazi ni ngumu kwa sababu unapigana na mvuto wa dunia. Ndiyo maana unahitaji mwethya.

Sasa liangalie jina. Si la Kikamba wala la Kiingereza. Ni Kiswahili cha shambani, lugha iliyokutanisha afisa wa kilimo na mkulima. Halimsifu mtu, halitaji mahali, haliahidi maisha bora. Ni amri, na ndani ya amri mna ufundi mzima. Mtu akilisikia jina tu, tayari anajua kosa kubwa la kuepuka: usirushe chini. Mwongozo wa matumizi umeingia kwenye maneno mawili. Hata wewe ambaye hujawahi kushika koleo umeshajifunza, si ndiyo?

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichowashtua wengi, More People, Less Erosion. Walifuatilia Machakos ya zamani, pamoja na Makueni ya leo, kuanzia 1930 hadi 1990. Idadi ya watu ilikuwa imepanda kutoka karibu 240,000 hadi kama milioni 1.4, na mmomonyoko ulikuwa umepungua. Nchi iliyotabiriwa kifo ilikuwa na matuta kuliko wakati wowote. Sababu zilikuwa nyingi: masoko, kahawa, pesa zilizotumwa nyumbani kutoka mjini. Lakini msimbo uliosambaa kutoka shamba hadi shamba ulikuwa huo, na kila mkulima aliunakili bila kumwomba mtu ruhusa, akaurekebisha kulingana na kilima chake.

Huo ni mradi huria. Wenyewe hawakuhitaji kuuita hivyo.

*

Ruka hadi 2004. Oktoba mwaka huo Mark Shuttleworth, tajiri kijana wa Afrika Kusini, alitoa mfumo wa kompyuta uliojengwa juu ya Linux na kuupa jina Ubuntu, neno la Kizulu na Kixhosa kwa kile ambacho sisi tunaita utu. Alama yake ilikuwa watu watatu walioshikana mikono kwenye duara. Kampuni yake, Canonical, ilituma CD kwa posta, bure, kwa yeyote aliyeomba popote duniani, hadi 2011. Kama ulikuwa chuoni enzi hizo, au kaka yako alikuwa, huenda unazikumbuka zile bahasha. Intaneti ilikuwa ya kusubiri, bando halijazaliwa, na ghafla una diski ya rangi ya udongo yenye neno la Kiafrika juu yake. Lilikuwa tangazo la hali ya juu, na lilikuwa na ukweli: mtu aliyepewa alitakiwa kunakili na kumpa mwenzake.

Miezi miwili baadaye, Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikatoa cha kwetu. Mradi uliitwa Kilinux, na wataalamu wake walikuwa wametafsiri OpenOffice, programu huria ya kuandikia na kupigia hesabu, kwa Kiswahili. Walitengeneza istilahi, wakabishana juu ya kila neno la menyu, wakamaliza mwaka mmoja kabla Microsoft haijaleta Kiswahili kwenye Office yake. Kazi ilikuwa kubwa na ya heshima. Wakaiita Jambo OpenOffice.

Jambo. Hebu jiulize, mara ya mwisho mtu wa mtaani kwenu alikuambia "jambo" lini? Sisi tunasema hujambo, mambo, vipi, sasa, niaje. "Jambo" tupu ni salamu tunayomwachia mtalii pale uwanja wa ndege. Nafahamu kwa nini jina lilivutia: ni fupi, linatambulika, mfadhili wa Ulaya analitamka bila shida. Lakini kwa jina hilo mradi ulikuwa unamsalimu mtu aliyesimama nje ya mlango, wakati wa kuitumia programu walikuwa ndani.

Jina peke yake haliui mradi. Jambo OpenOffice ilikabiliana na shule ambazo kompyuta inafundishwa kwa Kiingereza, na na nakala za wizi za Microsoft zilizouzwa kwa bei ya soda. Hizo ndizo nguvu zilizoikalia. Hata hivyo, mradi wa kujitolea unaishi kwa mtu wa pili, na wa tatu, na wa mia: yule atakayesema "neno hili si sawa, ngoja nilirekebishe." Jina lilimwambia karibu. Halikumwambia kuna kazi gani.

*

Disemba 30, 2007, Samuel Kivuitu alimtangaza Mwai Kibaki mshindi wa urais, na jioni hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Unajua yaliyofuata, au wazazi wako wanajua na hawayasemi sana. Nchi ilikuwa inaungua na redio inacheza muziki.

Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa akiandika blogu ya Kenyan Pundit, alikuwa akipokea taarifa za watu kuliko anavyoweza kuzichapisha. Januari 3, 2008 aliuliza kama kuna mafundi wa kompyuta wanaoweza kuweka matukio hayo kwenye ramani ya Google, ili yasije yakakanushwa baadaye. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakaitika, pamoja na wengine. Ndani ya siku chache tovuti ilikuwa hewani. Ungeweza kutuma taarifa kwa SMS au kwa fomu, na kitone kikatokea kwenye ramani: hapa nyumba imechomwa, hapa mtu ameuawa, hapa pia kuna watu wanasaidiana.

Waliiita Ushahidi.

Hawakuwa na wiki za kukaa na mshauri wa chapa. Lakini sikiliza neno linavyofanya kazi. Kiswahili kina ushuhuda, ambao tunautoa kanisani tukieleza Mungu alivyotutendea, na kina ushahidi, ambao unautoa mbele ya hakimu na ukidanganya umefanya kosa. Walichagua la pili. Anayetuma SMS haitwi mtumiaji wala mfuasi. Ni shahidi. Jina linamwambia kazi yake ni nini, linamwonya kuhusu uongo, na linaahidi kwamba kuna siku kesi itasikizwa. Ni amri, kama fanya juu. Na kama fanya juu, inakutaka urushe kitu kinyume na mvuto: mwaka ule kila kitu kilikuwa kinavutwa kwenda chini, kwenda kwenye kusahau.

Baadaye mwaka 2008 walijenga upya programu, wakaufungua msimbo. Novemba hiyo ikatumika Kongo mashariki, mapigano yalipopamba moto. Januari 2009 Al Jazeera wakaitumia kwa vita vya Gaza. Januari 12, 2010, Haiti ikatetemeka, na Patrick Meier akiwa Boston na wanafunzi wa Fletcher wakafungua ramani siku ileile. Ujumbe wa Kikrioli uliotumwa kwa namba 4636 ulitafsiriwa na Wahaiti walioko ughaibuni, wengine wakitaja mtaa kwa kumbukumbu tu, kwa sababu ramani rasmi haikuwa nao. Mwezi Machi 2011 wenzetu Wajapani wakaitumia baada ya tsunami. Matoleo makuu ya programu yenyewe yalipewa majina ya miji ya Afrika: Mogadishu, Luanda, Tunis. Mhandisi aliyekaa Tokyo akitaka kusahihisha hitilafu ilibidi ajifunze kutamka neno la mahakama za Kenya.

Hapo ndipo kunadi kulipofaulu kupita kiasi. Agosti 2010 walitoa Crowdmap, ambayo ilikuwezesha kuanzisha ramani yako ndani ya dakika chache bila kuweka programu kwenye seva. Watu wakamiminika. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2012 ulipitia zaidi ya ramani 12,000, ukakuta asilimia 93 zilikuwa na taarifa zisizofika kumi. Maelfu ya makaburi mazuri yenye vitone viwili. Waanzilishi walikuwa wameshaonya kwamba teknolojia ni asilimia 10 tu ya kazi, iliyobaki ni watu. Lakini onyo halipendezi kama ramani inayomeremeta.

Mtu wa Kasikeu angekuambia jambo hilo bila takwimu. Koleo si mwethya. Ukinunua koleo ukaliweka shambani, udongo haurushwi. Kazi ya ramani ilikuwa kuwatafuta watakaotuma taarifa, watakaozihakiki, watakaozitafsiri, na mtu atakayefika kwenye kitone na chakula au gari la wagonjwa. Ramani ya Haiti ilikuwa na hao. Ya mtu aliyejisajili Jumanne usiku akiwa peke yake haikuwa nao.

*

Kuna tofauti moja kati ya kilima na kompyuta, na ni ya kisheria. Fanya juu halina mwenyewe hata kwa jina. Katika programu huria, kawaida msimbo ni wa wote lakini jina linabaki na wenyewe. Mwaka 2006 Mozilla waliwaambia watu wa Debian kwamba wakibadilisha Firefox bila idhini, wasiiite Firefox. Debian wakachukua msimbo uleule, wakauita Iceweasel, na wakaendelea hivyo hadi 2016. Ilionekana ni ugomvi wa nembo. Ukweli ni kwamba jina ndicho kitu pekee ambacho mradi wa namna hiyo unaweza kukipoteza. Msimbo ukiibiwa bado unao. Jina likichafuliwa, watu hawarudi.

Ushahidi walilijua hilo kwa uchungu. Julai 2017 bodi ilimfuta kazi mkurugenzi mtendaji baada ya malalamiko ya unyanyasaji wa kingono kutoka kwa mwanamke aliyewahi kufanya kazi pale. Lawama mtandaoni haikuwa juu ya kitendo tu. Ilikuwa juu ya muda ambao shauri lilichukua. Watu waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: shirika lenye jina hili linamsikilizaje shahidi aliye ndani ya nyumba yake? Kampuni inayouza sabuni isingeulizwa hivyo. Ingeulizwa kuhusu sheria ya kazi tu. Ushahidi waliulizwa kuhusu neno lao.

Bei ya jina la amri ni hiyo. Likikuita kazini, linakuita na wewe uliyelitunga. Jina la salamu halina hatari hiyo, wala jina la ndoto: hakuna anayeweza kuishtaki Silicon Savannah kwa kutokuwa savana ya kutosha. Fanya juu linaweza kukaguliwa na mtoto. Anapanda kilimani, anatazama udongo umelala upande gani wa mtaro.

Kwa hiyo ukiwa na mradi wako, pale kwenye laptopu, na rafiki yako mwenye jicho la michoro ameshakuletea rangi tatu na herufi nzuri, usimkatalie. Wana wa mwethya walikuwa na nyimbo zao pia. Urembo haukuwahi kuharibu kazi. Mwambie tu asubiri kidogo. Mpigie simu mtu asiyejua kompyuta, mtajie jina la mradi, halafu umuulize: ukiitwa na jina hili Jumamosi asubuhi, unafikiri unatakiwa uje na nini?